Leza inakata bati, iweje ipoze atomi? Jibu kwa fundi wa majokofu

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi hapa Mwanza, mwaka wa 23 sasa. Kijana wangu yuko kidato cha tano, PCM. Ameniletea habari kwenye simu kwamba wanasayansi wamepoza atomi kwa leza mpaka karibu na baridi ya mwisho, na wanazitumia kutengeneza kompyuta. Mimi leza naijua inakata bati. Na kwenye kazi yangu baridi haiumbwi. Unachofanya ni kulihamisha joto kutoka ndani kulipeleka nje. Sasa naomba kujua, hilo joto la atomi linahamia wapi? Wanatumia gesi gani, na wanaijaza kila baada ya muda gani? Kitu kilichopoa kinapigaje hesabu? Kijana anasema mashine hizo zitafungua akaunti zote za benki. Ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?"

Jibu:

Fundi, nzuri, na hongera kwa kijana. Karibu kila anayesikia habari hizi huniuliza ni nyuzi ngapi. Wewe umeuliza joto linahamia wapi. Hilo ndilo swali lenyewe, na nitalishika kama kamba mpaka kwenye kompyuta, maana kule mbele litaturudia tena.

Nianze na gesi. Si R134a wala R600a, zile za majokofu yako. Ni mvuke wa metali. Inayotumika sana ni rubidiamu, metali laini ya rangi ya fedha, ndugu yao sodiamu na potasiamu. Inayeyuka kwenye nyuzi 39 tu, yaani mtu mwenye homa angeiyeyusha mkononi, ila asithubutu: ikigusa maji, hata unyevu wa ngozi, inawaka. Ndiyo maana huja ndani ya kichupa cha kioo kilichozibwa. Kichupa kinaingizwa kwenye mfumo, hewa inavutwa yote, ndipo kinavunjwa humo humo. Mvuke kidogo unaotoka pale ndio unaofanyiwa kazi. Wengine hutumia sesiamu, strontiamu au iterbiamu, kila mmoja na sababu zake.

Atomi ya rubidiamu kwenye joto la kawaida la chumba inakimbia kama mita 300 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa. Inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena. Tunachokiita joto la gesi ni mbio hizo. Ukizipunguza mbio, umepoza, basi. Kwa hiyo tunachotafuta hapa ni breki.

Sasa leza. Bati linakatika kwa sababu atomi zake zimeshikana. Mwanga unaomezwa na moja unageuka mtikisiko, mtikisiko unamwambukiza jirani, na nishati inakosa njia ya kutoka mpaka bati linayeyuka. Tena leza ya kukatia bati ina nguvu ya kilowati na zaidi. Ya kupozea atomi ina makumi ya miliwati. Atomi ya gesi iliyo peke yake haina jirani wa kumwambukiza. Ikimeza fotoni moja, yaani punje moja ya mwanga, inakaa nayo kama sehemu 26 za bilioni ya sekunde, kisha inaitema. Kilichoingia kimetoka. Kinachobaki ni ule msukumo wa kupigwa na punje.

Msukumo wenyewe ni mdogo: punje moja inapunguza mwendo wa atomi kwa milimita 6 hivi kwa sekunde. Ni kama kumsimamisha mtu anayekuja mbio kwa kumrushia punje za mtama. Lakini atomi inaweza kumeza na kutema zaidi ya punje milioni 10 kwa sekunde moja. Kama 50,000 zinatosha kuisimamisha, kazi hiyo inakwisha ndani ya milisekunde chache, na breki yake ni kali kuliko mvuto wa dunia mara kama 10,000.

Hapo fundi mzuri atauliza: mwanga unaoipiga kwa mbele utaisimamisha, je, ile inayokimbia kuelekea uleule mwanga unakoelekea? Si utaiongezea mbio? Ungeiongezea, kama isingekuwa atomi ni mchaguzi. Inameza mwanga wa masafa yake tu, yaani idadi yake ya mitikisiko kwa sekunde. Umesimama kando ya barabara ya Shinyanga, basi linakuja linapiga honi: sauti ni kali, na likishakupita sauti inashuka. Mwanga nao unafanya hivyo hivyo mbele ya atomi inayokimbia. Kwa hiyo leza inawekwa chini kidogo ya masafa ya atomi. Atomi inayoukabili mwanga inauona umepanda, umefika pale inapopenda, inameza. Inayoukimbia inauona umeshuka zaidi, inaupuuza. Weka leza sita, mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, na atomi popote igeukiapo itakutana na upepo wa mbele.

Sasa joto lako hili hapa. Atomi imemeza punje yenye nishati pungufu kidogo, kwa sababu leza iliwekwa chini ya masafa yake. Lakini inapoitema, kwa wastani inatema punje yenye nishati kamili. Nyongeza imetoka wapi? Imetoka kwenye mbio zake. Kila mzunguko mmoja, mwanga unaoondoka una nishati iliyozidi kidogo ile ulioingia nayo. Ziada hiyo ndiyo joto. Na kuna la pili ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Mwanga wa leza unaingia umenyooka, rangi moja, upande mmoja. Unatoka umetawanyika kila upande. Vurugu iliyokuwa ndani ya gesi imebebwa na mwanga. Kondensa ya mashine hii, ule mtandao wa mabomba unaopata moto nyuma ya friji, ni mwanga uliotawanyika, ukipita kwenye madirisha ya kioo na kuishia kwenye kuta za maabara. Zinapata joto dogo mno kulipima. Kutoka hapo ni kazi ya kiyoyozi cha chumba.

Na hapo naomba nikupe siri ya kazi yetu. Kwenye maabara moja niliyowahi kukaa, kitu kilichotusumbua kuliko fizikia yote kilikuwa kiyoyozi. Chumba kikipanda nyuzi mbili tu, vioo vinasogea kwa unene usioonekana, leza zinatoka kwenye masafa yake, na kile kiwingu cha atomi kinapotea kwenye skrini kama mshumaa uliopulizwa. Tulikuwa na watu watano wenye shahada za uzamivu, hakuna hata mmoja aliyejua kompresa ina nini. Alikuja fundi, akasikiliza kwa sikio, akabadilisha kapasita, akaondoka.

Wazo hili la kupoza kwa leza walilitoa Theodor Hänsch na Arthur Schawlow mwaka 1975. Steven Chu na wenzake huko Bell Labs, Marekani, walilitimiza mwaka 1985 kwa atomi za sodiamu, wakafika sehemu 240 za milioni ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho. (Baridi ya mwisho ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri. Kuanzia pale tunahesabu kwa kelvini.) Waliiita molasi ya mwanga, maana atomi ilikuwa ikijikokota kama iliyozama kwenye molasi ya kiwanda cha sukari. Hesabu zilisema huo ndio mwisho wa njia hiyo, haishuki tena. Mwaka 1988 William Phillips akapima upya akakuta sehemu kama 40 tu. Kwenye kazi hii kipimo kwa kawaida hutoka kibaya kuliko hesabu, kwa hiyo kukikuta kizuri mara sita mtu hushtuka kwanza. Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine nchini Algeria, ni miongoni mwa walioeleza kwa nini: mawimbi ya leza yanajenga vilima na mabonde, na atomi inajikuta inapanda kilima, ikifika juu inarushwa bondeni bila kuteremka, inaanza kupanda tena, mpaka inachoka. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1997.

Wewe hapo ulipo najua unajiuliza swali jingine: chumba kina nyuzi 25, atomi ziko karibu na sifuri, katikati kuna sentimita chache. Insuleta yake iko wapi? Hakuna povu wala gundi. Ni vakyumu, kama chupa ya chai. Ila si vakyumu ya chupa ya chai. Mgandamizo unashushwa mpaka hewa iliyobaki iwe chini ya sehemu moja ya trilioni kumi ya hewa ya kawaida. Na hapa kazi yako na yetu zinakutana mahali ambapo sidhani kijana wako angetarajia. Wewe kabla ya kujaza gesi unavuta hewa kwa pampu, kwa sababu unyevu ukibaki ndani unaganda kwenye kapilari na unakula kompresa. Sisi pia adui yetu mkubwa ni maji. Maji yanang'ang'ania kuta za chuma kwa ndani, yanajitoa kidogo kidogo kwa miezi, na kila molekuli inayojitoa ikiigonga atomi iliyopoa inaitupa nje. Dawa yake ni kuuoka mfumo: unauzungushia mikanda ya joto na karatasi ya alumini, unaupandisha mpaka nyuzi 150 au 200, pampu zikivuta usiku na mchana kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Uvujaji hatuutafuti kwa povu la sabuni. Tunapuliza heliamu kwa nje kwenye kila maungio, na kifaa cha ndani kinalia heliamu ikipenya. Lakini uvumilivu wake ni uleule.

Pia kuta za chumba zinatoa mwanga wa joto, ule usioonekana, na unapita katikati ya atomi. Atomi haziumezi. Si masafa yake.

Leza peke yake ina kikomo, kwa sababu kila punje inayotemwa inaiachia atomi teke dogo. Wanaotaka kushuka zaidi wanazima leza na kutumia njia ambayo bibi yako aliijua. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa kuwa molekuli zenye mbio zinapenya na kuondoka, zinazobaki ni tulivu. Atomi zinashikwa kwenye bakuli la sumaku, ukingo wa bakuli unashushwa taratibu, zenye mbio zinaruka nje. Tarehe 5 Juni 1995, mjini Boulder, Colorado, Eric Cornell na Carl Wieman waliishusha rubidiamu mpaka sehemu 170 za bilioni ya kelvini. Atomi kama 2,000 zikaacha kuwa chembe moja moja, zikawa wimbi moja. Hali hiyo ilitabiriwa na Einstein mwaka 1925, akiendeleza hesabu aliyotumiwa kwa barua mwaka mmoja kabla na mwalimu wa Dhaka, Satyendra Nath Bose. Ilichukua miaka 70 kuiona. Wolfgang Ketterle wa MIT aliipata kwa sodiamu miezi michache baadaye, na watatu hao wakapewa Nobeli mwaka 2001.

Habari nyingi za mitandaoni huchanganya hapa. Kompyuta ninayokwenda kukueleza kwa kawaida haihitaji kufika huko kote. Inatosha sehemu chache au makumi ya sehemu za milioni ya kelvini, ambazo leza inazifikia. Baridi yenyewe si shabaha. Shabaha ni atomi itulie mahali pamoja uweze kuizungumzisha.

Na ujue kuna aina nyingine za kompyuta za kwantamu, yaani zinazopiga hesabu kwa tabia za vitu vidogo kama atomi. Zile za Google na IBM unazoziona kwenye picha, kama taa ya dhahabu inayoning'inia darini, ni jokofu kweli kweli: lina kompresa ya heliamu, lina mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4, linapoza kipande kizima cha saketi mpaka sehemu kama 10 au 20 za elfu ya kelvini. Ungelifungua lile ungelielewa nusu yake siku ya kwanza. Ya atomi ni tofauti. Chemba yake ni ya kioo, unaweza kuigusa kwa nje na haina baridi. Kilichopoa ni atomi peke yake, katikati ya utupu.

Sasa zinapigaje hesabu? Atomi moja inashikwa na kibano cha mwanga: leza iliyokusanywa na lenzi mpaka upana wa kama elfu moja ya milimita, na atomi inavutwa pale kwenye mwanga mkali. Mbinu ya kushika vitu vidogo hivyo ni ya Arthur Ashkin, aliyepata Nobeli mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Leza moja inagawanywa kuwa vibano mamia au maelfu, vimepangwa kwa safu. Fikiria bao: mashimo yamepangwa, ila kila shimo linatakiwa liwe na kete moja tu. Shida ni kwamba ukizimwaga atomi, karibu nusu ya mashimo yanabaki matupu, na huwezi kujua ni yapi. Dawa yake ilipatikana mwaka 2016, na kundi la Harvard na MIT na kundi la Ufaransa huko Palaiseau, karibu kwa wakati mmoja. Kamera inapiga picha, kompyuta ya kawaida inaona mashimo matupu, kibano kingine kinachotembea kinachota kete kutoka pembeni na kuzijaza. Muda unaotumika ni sehemu ya sekunde. Mimi nikionyesha video yake darasani, hata wanaosinzia wanaamka.

Ndani ya kila atomi kuna hali mbili za utulivu zilizotofautiana kidogo sana. Moja tunaiita 0, nyingine 1. Mawimbi ya redio ya gigahezi 6.8 yanaihamisha rubidiamu kutoka moja kwenda nyingine. Ukiyakata katikati ya safari, atomi inabaki kwenye mchanganyiko wa zote mbili. Kyubiti ndiyo hiyo. Atomi zina sifa moja ambayo saketi za kutengenezwa hazina: zote ni sawasawa. Rubidiamu-87 ya Boulder na ya Nairobi haina tofauti hata chembe. Hakuna kiwanda kilichokosea.

Lakini atomi zilizokaa mbalimbali hazizungumzi, na hesabu inahitaji moja iseme "kama wewe ni 1, mimi nageuka". Hapo leza inaisukuma elektroni ya nje mbali sana, kwenye hali inayoitwa ya Rydberg. Atomi inavimba, upana wake unaongezeka mara elfu na zaidi, na inakuwa na hisia kali kwa jirani. Ikivimba moja, jirani aliye umbali wa sehemu chache za elfu ya milimita hawezi kuvimba; masafa yake yameshasukumwa pembeni, leza haimpati. Katazo hilo ndilo "kama" tunayoitafuta. Lilipendekezwa mwaka 2000, likaonekana maabara za Wisconsin na Ufaransa mwaka 2009. Leo geti moja, yaani hatua moja ya hesabu, kati ya atomi mbili linachukua chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde.

Mkiambiwa kwamba kompyuta hiyo "inajaribu majibu yote kwa pamoja", msikubali haraka. Ukiipima inakupa jibu moja tu, na kama hukufanya chochote cha ziada litakuwa la kubahatisha. Ujanja uko kwenye mawimbi. Umeona mitumbwi miwili ya injini ikipishana ziwani: kuna mahali mawimbi yake yanapandiana, na mahali yanauana maji yakatulia. Programu ya kwantamu inapangwa ili njia za majibu mabaya ziuane na za jibu zuri zipandiane. Kazi chache ndizo tunazojua kuzipanga hivyo. Kwa kuandika ripoti au kucheza video, mashine hii haina faida yoyote.

Kazi inayoifaa zaidi ni ile aliyoieleza Richard Feynman mwaka 1981: kuiga maumbile yenyewe. Ukitaka kueleza atomi 50 zilizofungamana kwa kompyuta ya kawaida, unahitaji namba zaidi ya trilioni 1,000, na kila atomi unayoongeza inazidisha mara mbili. Basi badala ya kuhesabu, unazipanga atomi zenyewe zifanane na sumaku au na kitu unachokichunguza, unaziacha, unatazama. Harvard ilifanya hivyo kwa atomi 51 mwaka 2017. Walitarajia mpangilio uvurugike na kupotea, ukawa unajirudia tena na tena, na watu wa nadharia walikaa wakitafuta sababu. Mwaka 2021 Wafaransa walifika 196, Harvard 256. Kwa maoni yangu faida ya kwanza itatoka huku, kwenye kuelewa vitu vipya na kemia.

Tatizo ni makosa. Mwaka 2023 kundi la Mikhail Lukin, Harvard, lilionyesha geti linalofaulu kwa asilimia 99.5. Inasikika kubwa. Maana yake ni kosa moja kila mara 200, na hesabu za maana zinataka mabilioni ya hatua. Je, ungeuza kompresa inayokwama kila inapowaka mara ya 200?

Hapa ndipo swali lako linarudi. Kosa ni vurugu inayoingia, kama joto linavyopenya mlangoni mwa friji. Huwezi kulizuia lisiingie. Unaweza tu kulitoa haraka kuliko linavyoingia. Wanachofanya ni kuchukua atomi nyingi na kuzifanya zibebe kyubiti moja kwa pamoja, kisha kuweka atomi za msaada pembeni. Za msaada haziulizi "wewe ni 0 au 1?", maana kuuliza hivyo kunaharibu hesabu. Zinauliza "nyinyi mnafanana au hamfanani?" Jibu linaonyesha kosa liko wapi bila kufichua siri. Lakini sasa vurugu imehamia kwenye atomi za msaada, zimejaa, hazifai mpaka zisafishwe. Zinasafishwaje? Kwa leza, vurugu inatoka na mwanga uliotawanyika, kondensa ileile. Kompyuta ya aina hii itakayofanya kazi siku nzima itakuwa ni jokofu la makosa, na uwezo wake utapimwa kwa kasi ya kuyatoa.

Desemba 2023 Harvard, pamoja na MIT na kampuni ya QuEra, walitangaza kyubiti 48 za aina hiyo ya kulindwa, zilizojengwa kwa atomi zisizozidi 280. Mwaka 2025 kundi la Manuel Endres, Caltech, lilishika atomi 6,100 za sesiamu na kuzitunza kwenye hali zao kama sekunde 13. Soma namba hiyo kwa makini: ni atomi zilizoshikwa, si 6,100 zinazopiga hesabu pamoja. Mwaka huohuo Harvard walionyesha mfumo wa atomi 3,000 uliokaa kazini zaidi ya saa 2, kwa sababu kila atomi iliyoponyoka ililetwa nyingine mbichi bila kuzivuruga zilizobaki. Mimi hiyo ya saa 2 ndiyo iliyonigusa, ingawa magazeti yalipenda zaidi namba kubwa.

Akaunti za benki. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta kamili ya kwantamu ingeweza kuvunja RSA, kufuli la kihesabu la kufichia siri linalotumika sana kwenye intaneti. Mwaka 2019 makadirio yalikuwa kyubiti milioni 20 zenye makosa ya kawaida. Mwaka 2025 Craig Gidney wa Google alishusha mpaka chini ya milioni moja, kwa kazi ya chini ya wiki. Lengo linasogea karibu, lakini mashine zilizopo bado ziko mbali nalo. Nao wenye kufuli hawajalala: Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vya kufuli mpya ambazo hesabu ya Shor haiwezi kuzifungua, na kubadilisha kumeshaanza. Wa kuhangaika ni mwenye siri zinazotakiwa zikae miaka 20, kwa kuwa mtu anaweza kuziiba leo zikiwa zimefungwa akasubiri. Pesa yako ya simu iko hatarini zaidi kwa yule anayekutumia "ile hela tuma kwenye namba hii". Huyo hahitaji hata atomi moja.

Kijana, mwambie ashike matriksi na namba changamani, asizisome za kufaulia mtihani tu. Hesabu yote ya kyubiti imo humo. Kwa kompyuta ya kawaida anaweza kuanza leo na Pulser ya kampuni ya Pasqal ya Ufaransa au Bloqade ya QuEra. Ni za bure, zinatumia lugha ya Python, na anazipanga atomi kwenye skrini kama bao nililolitaja. Baada ya shahada ya kwanza, Kigali ni karibu nanyi: kuna AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, na kuna kituo cha fizikia cha EAIFR katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Likizo hii, hata hivyo, mchukue kazini. Afundishwe kuchomelea bomba la shaba, kuvuta hewa, kutafuta uvujaji. Maabara zinajaza watu wa hesabu, na wanaoweza kufunga mfumo usivuje hawapatikani.

Umebaki na la kujaza gesi. Gramu moja ya rubidiamu ina atomi zaidi ya trilioni bilioni, na kiwingu kimoja kinatumia bilioni moja kikiwa kikubwa. Nyingi zinapotea kwa kunata kwenye kuta, hata hivyo kichupa kimoja kinakaa miaka. Kinachojazwa gesi mara kwa mara pale maabara ni kiyoyozi.